Andika na Aliyekaa Pembeni

Hotuba kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaojiandaa kwenda uwandani, Mtwara

Mkuu wa idara, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka madirishani: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Ambaye sijamfikia hapo, habari za asubuhi.

Nimeitwa kuzungumza juu ya mbinu za utafiti wa kimaelezo. Mwalimu wenu alinipa kwanza mapendekezo yenu ya utafiti niyapitie, nami nikayapitia. Karibu wote mmeandika, tena kwa herufi nzito, kwamba mtatumia mkabala wa kimaelezo. Nikifungua kiambatisho nakutana na dodoso la visanduku, "nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali", mpaka ukurasa wa mwisho. Hilo ni dodoso la kuhesabia. Lina kazi yake na lina heshima yake, ila mmelibandika jina la mwenzake.

Utafiti wa kitakwimu huuliza wangapi, kiasi gani, mara ngapi, na kama hiki kinapanda pamoja na kile. Utafiti wa kimaelezo huuliza jambo linakwendaje, wanaolipitia wanalionaje, na kwa nini wanafanya wanavyofanya hata pale ambapo sisi wa mezani tunaona hawana akili. Data zake ni maneno ya watu, matendo yao, nyaraka zao, vitu vyao, hata mpangilio wa viti kwenye mkutano wa kijiji. Hautakwambia ni asilimia ngapi ya wakulima wa Newala wana madeni. Utakwambia deni linaingiaje nyumbani, nani analificha, na linalipwa kwa kitu gani.

Wapo wanaoukimbilia kwa sababu hesabu ziliwashinda tangu kidato cha pili. Hao nawapa pole mapema. Mwenzako wa takwimu akirudi na madodoso yake, kompyuta inambebea sehemu kubwa ya mzigo. Wewe utarudi na mamia ya kurasa za maneno ya watu, na hapo ndipo kazi inaanza.

Sasa korosho, maana mtu hawezi kusimama Mtwara akazungumza nusu saa asiitaje korosho.

Tuseme mada yako ni kangomba. Kwa waliotoka mikoa mingine: kangomba ni kununua korosho nje ya mfumo rasmi. Mara nyingi mnunuzi humpa mkulima fedha au unga katika miezi migumu, naye mkulima hulipa kwa korosho msimu ukifika, kwa kipimo na bei ya mwenye fedha. Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani unataka korosho zipite chama cha msingi, ziende ghala kuu, ziuzwe mnadani. Kangomba imepigwa marufuku. Mnaukumbuka msimu wa 2018: wakulima walizikataa bei za mnadani, mwezi Novemba serikali ikatangaza kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kusomba mzigo, na kabla ya malipo wakulima wakahakikiwa ili wa kangomba wabainike. Watu hawajasahau. Halafu unaingia wewe Tandahimba, kijana wa mjini na kitambulisho shingoni, na swali lako namba saba: "Je, umewahi kuuza korosho kwa kangomba? Ndiyo / Hapana." Matokeo yako naweza kukuandikia hapa hapa, ukabaki na nauli yako.

Jaribu hivi: "Mzee, hebu nisimulie mwaka wako wa shamba, tangu mvua zinapoanza mpaka korosho zinapofika chamani." Kisha nyamaza. Ataanza na kulima na kupanda. Mahindi, mihogo, mbaazi. Mara utamsikia yuko kwenye salfa, anapulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga, analalamika kwamba dawa ilichelewa. Ukiwa unasikiliza sawasawa, utagundua ameruka. Kupanda ni Desemba na Januari. Salfa ni kuanzia Mei, Juni. Ile miezi ya katikati imekwenda wapi? Hapo ndipo utafiti wako ulipo.

"Hapo katikati, mzee, kabla ya salfa, hapa nyumbani mnapitaje?"

"Huwa tunasaidiana."

Mtafiti mwenye haraka ataandika "mshikamano wa kijamii upo" na kuhamia swali linalofuata. Anayeijua kazi atauliza taratibu:

"Mnasaidianaje?"

"Kuna watu huwa wanatusaidia."

"Watu wa hapa hapa?"

"Wengine."

Halafu kimya. Kimya hicho usikijaze. Usikohoe, usitazame simu, usimpe majibu matatu achague moja. Mara nyingi kitakachofuata ni habari za "jirani yangu mmoja": alikuwa na mtoto wa kupeleka sekondari, akaja mtu na pikipiki, akaacha fedha, Oktoba akarudi na magunia. Usimuulize jirani huyo ni nani. Usimuulize kama jirani ndiye yeye. Muulize jirani alifikiria nini siku ile, kwa nani mwingine angeweza kwenda, na kwa nini hakwenda. (Mazungumzo haya nimeyatunga kwa ajili ya kufundishia. Nikiyakuta kwenye tasnifu ya mtu kama data, tutaonana.)

Hata hapo bado hatujafika. Wakati mzee anasema "huwa tunasaidiana", nani alikuwa amekaa pembeni? Maana hukufika pale peke yako. Ulipita kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji akakupa mtu wa kukusindikiza, na mtu huyo naye kavuta kigoda kakaa. Pengine ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi. Pengine ni shemeji wa mwenye pikipiki. Pengine ni mtu mwema tu anayesubiri muda wa sala. Vyovyote iwavyo, mzee anamjua na wewe humjui, na kila neno analokujibu wewe, anamjibu na yeye pia.

Hilo ndilo hasa nililokuja kulisema leo. Data za kimaelezo hazikai vijijini zikisubiri kuokotwa kama korosho chini ya mti. Zinatengenezwa pale pale, baina yako na unayezungumza naye na wote wanaosikia. Kwa hiyo jibu bila mazingira ya jibu ni nusu ya data. Andika alichosema, na andika alisemea wapi, saa ngapi, kwa lugha gani, nani alikuwepo, nani aliingia katikati ya mazungumzo na sauti ya mzee ikapungua. Andika na wewe ulikuwa nani machoni pake: mtoto wa fulani, mtu wa serikali, mtu wa benki, au mtu wa mradi anayeweza kuleta kisima.

Ardhi hii inatosha kabisa kutufundisha somo hilo, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1906 alishuka Lindi Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Akapanda mpaka Masasi na Newala, akikusanya vitu, akipiga picha, akirekodi nyimbo kwa fonografu, mashine ya kunasia sauti kwenye nta, hata kuchukua picha za sinema. Kwa zama zile hakuna aliyekuwa na vyombo vya kisasa kumshinda. Lakini tazameni mwaka. Mwaka 1906 Vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vinazimwa huku kusini. Vijiji vimechomwa, vyakula vimeteketezwa, njaa inaingia. Na Weule anasafiri na askari wenye bunduki. Mwimbaji aliyeitwa kuimba mbele ya pembe ya ile mashine, askari wakiwa wamesimama pale, alichagua wimbo upi? Upi aliuacha nyumbani? Fonografu ilinasa sauti vizuri. Lakini woga wa mtu, au ujanja wake, nta haiuandiki.

Miaka 62 baadaye, mwaka 1968, idara ya historia ya chuo kikuu pale Dar es Salaam iliendesha mradi wa utafiti wa Maji Maji. Waliotumwa walikuwa wanafunzi kama ninyi. Walikwenda kwenye maeneo yaliyopigana, wengine kwao kabisa, wakahoji wazee walioviona vita kwa macho au waliosimuliwa na wazazi wao. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifanya kazi kubwa ya namna hiyo Kilwa na Umatumbi, kule ambako Julai 1905, Nandete, watu walianza kwa kung'oa pamba. Maofisa wa Kijerumani walipenda kuvieleza vita hivyo kwa ushirikina na hila za waganga. Wazee walipopewa nafasi ya kusimulia, walizungumza juu ya maji ya dawa, ndiyo, na juu ya Kinjikitile wa Ngarambe aliyeyagawa, lakini walizungumza sana pia juu ya pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vya maakida, wale mawakala wa serikali ya Kijerumani. Bila wale wanafunzi na madaftari yao, tungebaki na majalada ya upande mmoja.

Wengi wakifika hapo hupiga makofi na kufunga kitabu. Mimi nataka mwendelee kidogo. Mwaka 1968 uhuru una miaka saba, Azimio la Arusha lina mwaka mmoja. Mwalimu Nyerere alikwishavitaja vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, kama ushahidi kwamba watu wa nchi hii hawakuukubali utawala wa mgeni. Mzee anayehojiwa wakati huo na kijana wa chuo kikuu hakosi kujua ni habari ya namna gani inayosubiriwa. Wanahistoria waliofuata, hasa kuanzia miaka ya 1990, waliyarudia masimulizi hayo na kuuliza: ugomvi wa ndani wa kila eneo umekwenda wapi? Wanawake, waliobaki na mashamba yanayoliwa na nguruwe pori, wako wapi? Na waliosimama upande wa Wajerumani? Hawakusema wazee waliongopa. Walisema simulizi lina tarehe mbili, ya tukio na ya kusimuliwa, na zote mbili lazima zisomwe. Waliweza kuuliza hivyo kwa sababu kumbukumbu za mradi zilionyesha nani kahojiwa na wapi. Daftari zuri linamsaidia hata yule atakayekuja kukupinga.

Kuna na mfano wa kinyume, ambao nautaja harakaharaka kwa kuwa reli yake iling'olewa na bandari yake tunayo. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulipita Tanganyika kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi. Ulipita kwa wiki chache, sehemu kubwa ukitazama kutoka angani, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa jirani Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yakiwa yamezama. Hesabu zao kwenye karatasi zilikuwa safi. Kutoka kwenye dirisha la ndege huwezi kumuuliza mtu udongo huu kiangazi unakuwaje.

Sasa vyombo vya kazi. Majina yake mnayajua, kwa hiyo nitakaa pale tu ninapoona mnateleza.

Usaili nimeshauzungumza. Naongeza moja: mwongozo wa usaili si dodoso. Ni orodha fupi ya mambo unayotaka kuyafikia, na mazungumzo yanaruhusiwa kupita njia yake. Na acheni maswali yanayobeba jibu mgongoni, kama hili nililolikuta kwenye pendekezo mojawapo: "Huoni kwamba mfumo wa stakabadhi umemnyonya mkulima?" Hapo hata mimi ningesema naona.

Majadiliano ya kikundi yana historia inayopendeza. Mwaka 1941, New York, mwanasosholojia Robert Merton alialikwa na mwenzake Paul Lazarsfeld kutazama wasikilizaji wa vipindi vya redio. Kila msikilizaji alikuwa na vitufe viwili: kijani akipenda anachosikia, chekundu akichukia. Mashine ilihesabu vizuri kabisa. Ila haikuweza kusema kwa nini watu walibonyeza chekundu pale walipobonyeza, na Merton hakuridhika na jinsi walivyohojiwa baadaye. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa usaili wa kikundi wenye lengo maalumu. Kwa hiyo tangu mwanzo namba na maneno vimefanya kazi pamoja. Ugomvi baina yao tumeuleta sisi wa vyuoni.

Kinachonisumbua ni namna mnavyopanga vikundi. Wengi mmeandika "wakuu wa kaya kumi". Kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, kwa desturi, ukoo na urithi hufuata upande wa mama. Katika nyumba nyingi, hata leo pamoja na mabadiliko yote, shauri la shamba au la ndoa ya binti halimaliziki bila mjomba. Mjomba huyo haishi kwenye kaya yako, humwoni kwenye orodha ya mtendaji, na dodoso lako halina kisanduku chake. Ukikusanya wakuu wa kaya kumi, umekusanya waume kumi ambao baadhi yao wamekaa kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Watakujibu kwa adabu na kwa kujiamini juu ya ardhi isiyo yao. Kabla ya kuchagua nani akae kwenye kikundi, tumia siku kadhaa kujua nani ana sauti juu ya jambo unalotafiti. Na wanawake wakae peke yao kwanza. Mkiwachanganya mapema mtapata maoni ya wanaume na vicheko vya wanawake. Vicheko navyo ni data, lakini si hizo mlizofuata.

Ushuhudiaji ndio mnaoudharau kuliko vyote. Mmeuandika kwa sentensi moja: "mtafiti atashuhudia mazingira". Mazingira gani? Nendeni siku ya kupima korosho kwenye chama cha msingi, mkae kutwa. Mizani imewekwa wapi, kivulini au juani? Nani anasoma namba kwa sauti, nani anaandika, na mwenye gunia anaweza kuiona ile namba mwenyewe? Atakuja mama na korosho zake chache kichwani, zitapimwa, na karani atauliza "jina?" Msikilize anataja jina la nani. La kwake, la mume, la kaka yake? Anasitasita kabla ya kulitaja? Akipewa karatasi anaisoma, anaikunja bila kuisoma, au anampa mtoto wa shule amsomee? Mambo hayo hakuna atakayekujibu ukimuuliza, kwa sababu kwake ni ya kila siku na hayaoni tena. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, ambaye kila kitabu cha mbinu kinamtaja, alijifunza hayo visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kupiga hema kijijini na kukaa. Ninyi hamna miaka ya kukaa. Mna wiki chache, basi angalau msizitumie zote ofisini kwa mtendaji.

Juu ya idadi ya watu wa kuwahoji. Swali hili huulizwa kila mwaka na jibu halijabadilika: unaacha pale mahojiano mapya yasipoleta jambo jipya. Ila chuo kinataka namba kwenye pendekezo, kwa hiyo mtapenda kujua kwamba mwaka 2006 Greg Guest na wenzake walichapisha makala kutokana na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba mengi ya mambo muhimu yalikwishajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Tangu hapo kila tasnifu ina watu 12, kama mitume. Someni vizuri: wanawake wale walifanana kwa mengi na mada ilikuwa finyu. Wewe ukichanganya mkulima wa Masasi, mvuvi wa Mikindani na mfanyabiashara wa Lindi mjini, 12 hawatakutosha.

Sasa maadili, na hapa naomba kalamu ziwekwe chini mnisikilize tu.

Vibali mnajua: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, kata, kijiji. Kibali cha ofisi kinakuruhusu kuingia kijijini. Hakimlazimishi mtu yeyote kuzungumza nawe. Mzee akiona mihuri mitano kwenye karatasi yako anaweza kudhani hana ruhusa ya kukataa, kwa hiyo mwambie kwa mdomo wako kwamba anaweza, na kwamba akikataa huendi kumsema popote. Asiyejua kusoma usimkimbilize kwenye wino wa kidole gumba. Kwa watu wengi wa rika lile kidole gumba ni deni au kesi. Ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa inakubalika, ilimradi umeieleza kwenye pendekezo lako na kamati imeipitisha. Tunayo sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu kwenye simu yako ni taarifa yake. Haitumwi kwenye kundi la WhatsApp ili wenzako wasikie lafudhi.

Kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mwenyekiti wa chama cha msingi, mwanamke, kijiji kimoja cha Nanyumbu", umeficha nini? Wilaya nzima inamjua. Badilisha vitambulishi au viondoe, hata kama sentensi yako itapungua utamu.

Kuna mmoja wenu anataka kuandika juu ya unyago. Mada ni nzuri na namtia moyo, kwa kuwa ni msichana na kwao ni huku. Lakini mle ndani kuna mafundisho ambayo waliofundwa waliambiwa wasiyatoe nje. Kungwi anaweza kukupenda, akakueleza zaidi ya alivyokusudia, kisha akajuta usiku. Rudi kwake asubuhi. Msomee ulichoandika, mwulize kama yapo ya kuyafuta. Akisema futa, unafuta. Najua inauma, huenda ndiyo ilikuwa sura yako ya nne. Hata hivyo yake ilikuwa kabla ya kuwa yako.

Na kuna vijiji vilivyochoka. Msimbati na Madimba, tangu gesi ilipoanza kuwa habari kubwa, wameulizwa mengi na watu wengi. Ukienda huko na ukasikia "mlishakuja", usijitetee. Uliza wale waliokuja waliacha nini, andika jibu, na ufikirie kama kweli una swali ambalo halijaulizwa. Kama huna, nenda kijiji kingine.

Uchambuzi nitauzungumza kwa kifupi, una semina yake. Saa moja ya sauti hula saa nne mpaka sita kuiandika, na zaidi kama watu wanapokezana Kiswahili na Kimakonde. Usimwachie mdogo wako kazi hiyo kwa elfu kumi. Ukiandika mwenyewe ndipo unaposikia ulipomkatiza mtu. Usisubiri umalize kukusanya. Barney Glaser na Anselm Strauss, waliotoa kitabu chao mwaka 1967 baada ya kutafiti jinsi hospitali za California zinavyowahudumia watu wanaokaribia kufa, walisisitiza kulinganisha tukio na tukio wakati kazi ya uwandani bado inaendelea, ili ulichokiona leo kibadilishe utakachouliza kesho. Kisha usimbaji: unasoma mstari kwa mstari na kuyapa maneno alama, alama zinazofanana unazikusanya, unaziangalia mpaka uone dhamira. Na tafadhali, msiniandikie "dhamira zifuatazo ziliibuka". Virginia Braun na Victoria Clarke, ambao makala yao ya 2006 juu ya uchambuzi wa dhamira mnainukuu wote, walilipinga hasa neno hilo. Dhamira haziibuki. Wewe ndiye uliyeziona, kwa jicho lako, ukiwa umekaa mahali fulani. Sema hivyo.

Mtahini atakuuliza: nitajuaje kwamba hukutunga? Yvonna Lincoln na Egon Guba walitoa vigezo vyao vya utafiti kuaminika mwaka 1985, mtavikuta kwenye vitabu, nanyi vinukuuni. Kwangu mimi mtahini, nafungua daftari la uwandani. Nikikuta tarehe, mahali, waliokuwepo, ulichosikia upande mmoja na ulichofikiri upande wa pili, maneno ya mtu aliyekupinga yamewekwa wazi, na siku ambayo hukupata kitu imeandikwa kwamba hukupata kitu, nakuamini hata kabla sijafika sura ya matokeo.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mambo ya utekelezaji. Kila mmoja alete mwongozo wa usaili usiozidi maswali manane, na hakuna swali litakaloanza na "je". Jaribuni kwanza kwa mtu mnayemjua, hata muuza samaki wa feri, mrekodi, mwandike kurasa mbili tu neno kwa neno, pamoja na kimya. Daftari liwe la karatasi, gumu, si simu. Kijijini ukiinamia simu watu hawajui kama unaandika wanayosema au unachati. Msimamizi wako atalisaini kila Ijumaa. Ripoti itakayokuja bila daftari haitapokelewa, na hilo nimekubaliana na mkuu wa idara, ambaye naona anatikisa kichwa kukubali, mwandikeni na yeye.

Tuna kama nusu saa ya maswali. Dada wa mstari wa pili, karibu.